Kabla ya Kutia Sahihi

Dola mia mbili na arobaini
kuambiwa kasoro za gari lisilo langu.
Mkwe wangu alicheka: "Baba, si ungenunua matairi?"
Nikamwambia kwetu hata mchumba huulizwa ukoo,
hata mbuzi hufunuliwa mdomo akahesabiwa meno,
na hili ni Datsun la mwaka sabini na mbili,
rangi ya chungwa, pua ndefu,
nusu ya akiba ya miaka kumi na minane ya zamu za usiku.

Hamilton, Ontario. Machi. Theluji imebaki
vichuguu vyeusi pembeni mwa maegesho,
na barabara ni nyeupe, si kwa theluji, kwa chumvi.
Huku chumvi humwagwa kwa malori.
Huku haiungi mboga. Inakula chuma.

Bi. Beryl Oakeshott kaja na koti la marehemu mumewe,
kakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya kahawa.
"Halijaona baridi hata siku moja," anasema.
"Lloyd alilifunika blanketi Oktoba, akalifunua Mei."
Namwamini. Hapo ndipo penye hatari:
namwamini, na gari linanitazama
kwa macho yale yale yaliyonipita Voi nikiwa na miaka saba,
nimekwea mabega ya kaka yangu Mwakio,
matope hadi kwenye kope, na ule mlio,
mlio uliokaa kifuani mwangu
kama deni.

Danuta hadaiwi na mtu.
Fundi Danuta, mikono mipana, tochi kinywani,
ametia sumaku ndani ya soksi ya mtoto
isikwaruze rangi.
Mlangoni: inashika.
Kwenye boneti: inashika.
Kwenye tao la gurudumu la nyuma, kushoto,
inateleza, inaanguka kiganjani mwake
kama mtu aliyeulizwa swali akakosa jibu.
Hasemi kitu. Anaandika.

Injini ilinipa kiburi.
Plagi sita zikatoka, kipimo kikaingia tundu baada ya tundu:
mia sabini, mia sabini na mbili, mia sabini, mia sitini na nane,
nami nimebana pumzi kama mzazi anayesomewa matokeo ya mtihani.
"Kwa injini hii ungefika Vancouver," Danuta akasema,
"ingekuwa na cha kuibeba."

Kisha lifti ikapanda.
Niseme ukweli: sikutaka kwenda chini yake.
Kuna vitu mtu hupenda kuviona kwa mbele tu.
Akagonga boriti ya chini ya mlango kwa mpini wa bisibisi.
Ngo. Ngo. Ngo. Puf.
Akaigeuza bisibisi, akasukuma, si kwa nguvu,
ikazama yote.
Vumbi jekundu likamwagika begani mwake.
Nililijua lile jekundu. Ndiyo Voi, kiangazi.
Na nyuma ya vumbi, karatasi.
Akaivuta kwa koleo, polepole: gazeti,
limekunjwa, likakandikwa puti, likapakwa rangi ya chungwa.
Matokeo ya magongo ya barafuni,
Februari, themanini na nane.

Bi. Beryl alikuwa amesimama nyuma yetu.
Akalichukua, akalinyoosha juu ya paja la koti.
"Februari," akasema.
Halafu, baada ya muda:
"Aliniambia anakwenda gereji kusikiliza redio."

Sikutia sahihi.
Wala sikuomba kupunguziwa, ingawa Danuta alinikonyeza;
kuna siku ya kuvutana bei na siku ya kunyamaza.
Nilikuwa nakunja ripoti, kurasa mbili, kasoro kumi na nne,
aliponigusa kiwiko.
"Hiyo karatasi. Waweza kuniachia?
Jumamosi anakuja mwingine. Kijana. Ana mtoto mchanga.
Sitaki akae juu ya gazeti."

Nikamwachia.

Basi lilichelewa dakika ishirini,
likaja limeganda chumvi hadi madirishani.
Kabla ya kupanda nililigonga ubavuni
kwa kifundo cha kidole.
Ngo.